Tarehe Juu ya Ukurasa

Wifi yangu tumempa jina la Redio, na hajawahi kulikataa. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana utasimuliwa wewe mwenyewe na mtu usiyemjua, tena likiwa limekolezwa chumvi. Nampenda. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi nyumba moja, na hakuna siku nimeumwa akaniacha peke yangu. Ila pesa yangu ilikuwa haiwezi kuingia nyumbani kimya. Ujumbe ukilia kwenye simu, Redio keshausoma kwa sauti, na kabla sijaipata miwani mtaa mzima unajua kitambaa changu kimeuzwa kiasi gani. Hapo ndipo wanapokuja. Shikamoo mbili mbili, kikohozi kidogo, kisha, "Mama, nina tatizo dogo tu."

Mimi nafuma kroshia. Vitambaa vya meza, vya makochi, na vya kufunika redio ile nyingine, inayozimika ukiizima.

Mjukuu wangu ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Babu yake alikuwa akimwita mke mdogo, kwa hiyo mimi namwita mke mwenza, na mpaka leo yeye ni mtu mzima hatujauacha utani huo. Ndiye aliyenitafutia wanunuzi wa mbali, na ndiye aliyeniletea sarafu ya siri.

"Mke mwenza," nilimwambia siku hiyo, "hizo pesa za kompyuta si ndizo wanasema kila mtu anaweza kukuchungulia?"

"Hizo ni zile nyingine, Bibi. Zile daftari lao limebandikwa ukutani. Mtu akishajua mstari wako ni upi, anakusoma mpaka utumbo. Hili la kwetu nalo linaonekana na dunia nzima, lakini kila mstari umefunikwa. Anayetuma anajificha katikati ya wenzake kumi na watano, huwezi kusema ni yupi kati yao. Kiasi nacho kimefunikwa, ila mizani inaonyesha kilichotoka na kilichoingia ni sawasawa, hakuna aliyechomeka cha uongo."

"Na anayepokea?"

"Hana jina. Kila malipo yanawekwa kwenye kisanduku kipya, cha mara moja tu. Ufunguo wako peke yake ndio unaojua kwamba ni chako."

"Sasa kama hakina jina, mimi mwenyewe nitakijuaje?"

"Hukijui. Mashine inachukua ufunguo wako inapita kisanduku kwa kisanduku, inajaribu. Kikigoma, inasonga mbele. Kikifunguka, inakuambia."

Nikawaza: hiyo ni kazi ya subira tu. Hiyo naiweza.

Basi akaniwekea kompyuta juu ya kabati, na kwenye droo ya hilo kabati diski yenye daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza. Nilimuuliza kwa nini tujaze nyumba daftari la dunia nzima. Akasema ukiazima la jirani, jirani atajua ni kurasa zipi unapenda kusoma. Mtu aliyekaa na Redio miaka thelathini hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kisha akanipa maneno ishirini na tano kwenye kikaratasi, ya lugha nisiyoijua. Akasema kompyuta inaweza kuungua, kuibiwa, kuliwa na panya, lakini mwenye maneno haya ana pochi yake. Nikayatunza.

Miaka miwili na zaidi nikauza, nikakaa kimya. Mtaani wakaanza kunihurumia. "Siku hizi vitambaa haviendi, eh, mama?" Nami natikisa kichwa kwa huzuni kama nimefiwa.

Nilikuwa na shabaha yangu. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa. Asubuhi naviloweka kwenye maji ya moto ndipo vikubali kushika sindano, na miezi minne ya mwisho sikumaliza hata kitambaa kimoja. Mtaa wa nyuma alikuwapo mzee mfumaji wa masweta ya shule, mwenye mashine ndefu kama kitanda cha mtoto, sindano zake zimejipanga kama meno, na kigari unachokisukuma kwa kiganja tu, kra, kra, na sweta linashuka chini. Kazi ya kiganja, si ya vidole. Yule mzee alikuwa anahamia kwa binti yake, nchi ya pili, na binti amemkataza kusafiri na noti mfukoni. Mjukuu wangu akamfungulia pochi kama yangu kwenye simu yake. Tukapatana.

"Lakini Ijumaa," mzee alisema kwa kupaza sauti, maana masikio yake yamechoka kuliko vidole vyangu. "Ijumaa saa nne. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na mkokoteni. Usipofika, anaichukua kwa kilo!"

Ijumaa ilikuwa mbali. Nilijua nina kitu juu ya kabati.

Jumatatu Redio akafuta vumbi. Hiyo ndiyo habari rasmi. Habari yenyewe ni kwamba alinyanyua kitambaa nilichoifunikia ile mashine inayonguruma achungulie inaficha nini, mkono ukagonga chombo cha maua, na maji yote yakaingia ndani ya kompyuta. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Nilimkuta amekaa sakafuni, maua mapajani.

"Wifi," akasema, "nimeua kitu."

Diski ilipona kwa kuwa ilikuwa kwenye droo. Mjukuu wangu akaja, akaitazama kompyuta, akasema hii sasa ni trei. Jumanne akaleta nyingine, iliyokwishatumika, nzito, yenye kibandiko cha ofisi fulani mgongoni. Akapakia programu, akaunganisha diski, akaiacha ijisomee kurasa za siku mbili ilizokosa. Jumatano asubuhi nikamtolea daftari langu la mazoezi. Akaandika maneno yote ishirini na tano, mimi namsomea herufi moja moja. Programu ikauliza pochi hii ilianza lini. Akaangalia juu ya ukurasa wangu, akajaza tarehe. Ikazunguka kidogo, ikamaliza.

Sifuri.

"Labda bado inawaza," nikasema.

"Imemaliza, Bibi." Uso wake ulikuwa umebadilika. Akayapitia maneno upya, kwa kidole. "Maneno ni sahihi. Hili la mwisho ndilo linalokagua mengine, ungekosea herufi lingekataa. Pochi ni hii hii. Lakini ni tupu. Bibi, kuna mtu uliyewahi kumwonyesha?"

"Nani? Redio?" Tukatazamana. Kama Redio angeyaona yale maneno, yangekuwa yanaimbwa na watoto wa chekechea.

Akashika kichwa. Akafungua hiki, akafunga kile, akapiga simu kwa mwenzake mmoja. Alianza kunieleza kwamba ni kosa lake, kwamba atauza jokofu lake anilipe. Nikamwambia aache jokofu la watu. Nikavuta kigoda karibu, nikavaa miwani.

"Hii mashine inapita kisanduku kwa kisanduku, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Imeanzia wapi?"

"Ilipoanzia pochi. Haina haja ya kusoma kurasa za kabla hujazaliwa. Nimeipa tarehe uliyoandika hapa juu."

Nikaitazama. Ilikuwa mwandiko wangu kweli, imepigiwa mstari kwa rula.

"Mke mwenza," nikasema, "hiyo ni tarehe niliyonakili."

"Umenakili nini?"

"Kile kikaratasi chako kilimwagikiwa mafuta ya taa. Nikayahamishia kwenye daftari jipya, nikakichoma kile, si ulisema zisizagae nakala? Na mwalimu wetu alikuwa hasahihishi ukurasa usio na tarehe juu. Darasa la tatu niliacha shule, tarehe sijaacha."

"Ulinakili lini?"

"Si hiyo hapo? Miezi minne iliyopita."

"Na kitambaa cha mwisho kulipwa?"

"Kabla ya hapo. Vile arobaini vya ukumbi wa harusi. Baadaye vidole vikagoma."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea kabati, machozi yanamtoka. "Yaani imeanza kusoma hadithi baada ya hadithi kwisha! Visanduku vyako vyote viko nyuma yake!"

"Basi irudishe nyuma, unachekea nini?"

"Ya kwanza ililipwa lini? Unakumbuka?"

"Siku uliyong'olewa jino. Ulikuja shavu limevimba kama umeficha limau, unaniambia 'Bibi imeingia' nasikia 'Bibi nimepigwa'."

Akatafuta ujumbe wa miadi ya daktari wa meno kwenye simu yake. Ulikuwepo. Akarudi mwezi mmoja nyuma zaidi, kwa usalama, akabonyeza. Chini ya kioo ikatokea idadi ya kurasa zilizobaki. Zilikuwa nyingi kama mchanga, na zinapungua polepole.

"Kompyuta hii imezeeka," akasema. "Itafika Ijumaa asubuhi, ikijaliwa. Isizimwe."

Basi ikasoma, nami nikakaa karibu yake kama mtu anayemsubiri mwana asome barua. Redio, ambaye roho ilikuwa inamsuta kwa yale maji, akajipa kazi ya kulinda soketi. Akaweka kiti mbele yake, ufagio mapajani. Mpangaji wetu akaja kuomba kuchaji simu. "Nenda kachaji kwenye jua," akaambiwa. Nikagundua kitu: hii ni siku ya tatu tangu ile ajali na mtaani hakuna aliyeniuliza. Ile ilikuwa habari ya kwanza Redio kuwahi kulala nayo.

Jumatano alasiri sifuri ikaondoka. Ikaja namba ndogo.

"Hicho ni kitambaa cha meza ya duara," nikamwambia mjukuu wangu kwenye simu.

Alhamisi vikafunguka vya makochi, kimoja baada ya kingine, nami nakitambua kila kimoja kama watoto wanaotoka darasani. Lakini fungu kubwa, lile la ukumbi, lilikuwa mwisho kabisa, na bila hilo mashine ya mzee sifikii hata kigari chake.

Ijumaa saa tatu na nusu, kurasa bado. Mjukuu wangu anauma kucha. Nikatoka mpaka kwenye soketi.

"Wifi, nenda kwa mzee mfumaji. Mnunuzi wa vyuma anakuja. Mzungumzishe asipakie ile mashine."

"Nimwambie nini?"

"Chochote."

Sijapata kuona mtu akifurahia kazi namna ile. Aliuacha ufagio ukaanguka wenyewe.

Saa nne ikagonga. Saa nne na dakika kumi. Halafu namba ikaruka, ikawa kubwa, nami nikajikuta nimesimama. "Arobaini!" nikasema. "Hao arobaini wangu!"

Mjukuu wangu akachunguza kwamba kurasa zimekwisha, akaniachia nibonyeze mwenyewe kumtumia mzee. Nikabonyeza kwa kiganja, maana kidole kilikuwa bado kimekakamaa. Tukatoka mbio, yaani yeye mbio, mimi kwa heshima.

Kwa mzee tulikuta mkokoteni mlangoni, mashine bado ndani, na mnunuzi wa vyuma ameketi juu ya ndoo, kidevu mkononi. Redio alikuwa akimsimulia, amefika kwenye ndoa ya pili ya binamu yake.

"Mama mkubwa," yule mnunuzi akaniambia kwa sauti ya mtu anayeokolewa, "niambie kama alirudiana naye au hakurudiana, niende zangu."

"Hakurudiana," nikasema. "Lakini usiende, tutakuhitaji."

Mzee akatoa simu yake, akaiweka karibu na pua. Mjukuu wangu akamweleza kwa ishara asubiri, imefika lakini bado imefungwa, dakika ishirini ndipo aweze kuitumia. Tukangoja. Mafundi wa baiskeli wa jirani wakasogea, na mama muuza mkaa, na wengine wawili watatu, kama watu wanavyosogea penye kimya. Kisha simu ikamulika, mzee akafurahi, akasema kwa sauti yake yote:

"IMEINGIA! YOTE!" Na akataja bei, tarakimu kwa tarakimu, mpaka senti.

Mtumaji kati ya kumi na sita, kiasi kimefunikwa, kisanduku cha mara moja, yote hayo hesabu za watu wenye akili, na hakuna hata mmoja wao aliyemfikiria mzee kiziwi. Nikamtazama Redio. Watu wote walimtazama Redio. Ile ndiyo namba aliyoitafuta chini ya kitambaa, na sasa ameletewa kwenye sinia.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Akawageukia.

"Mnasikiliza nini? Mzee anatutajia namba ya simu ya binti yake! Kuna anayetaka kumpigia?"

Hakuna aliyetaka. Wakatawanyika.

Mnunuzi wa vyuma akatubebea mashine kwa mkokoteni ule ule, akapata nauli yake, na njia nzima Redio akamtembeza kwenye ndoa ya tatu ya binamu. Mchana huo huo nilisukuma kigari mara ya kwanza, kra, kra, kikashuka kipande cha mkono wa sweta, kimepinda kidogo, lakini ni mkono.

Redio akaja akasimama nyuma yangu. Mkononi alikuwa na daftari la mazoezi, jipya, la kurasa thelathini na mbili.

"Wifi, na mimi nina vijisenti vyangu."

"Wewe? Tangu lini?"

"Kwani nasema yote ninayoyajua?" Akaketi, akalamba ncha ya kalamu. "Haya, mwite mke mwenza wako. Hayo maneno naanza kuandikia wapi?"

"Anzia na tarehe," nikamwambia. "Juu kabisa, pigia mstari. Na kando yake andika ni tarehe ya nini."

Akaandika, kwa herufi kubwa, huku akisoma kwa sauti kila alichoandika. Nikainuka nikafunge dirisha.