Mapambo Ndani ya Eda

Fadhila alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, shuka jeupe limemfunika mpaka kwenye nyusi, Chanelle alipoingia uani bila hodi. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Chanelle ni jirani, Mkristo mwenye adabu zake, na tangu msiba uingie nyumba hii amekuwa akisimama mlangoni na kuita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechelewa kanisani.

"Mama Anouar, uko na habari?"

"Habari nitoe wapi? Mi natokaga?"

Kweli hakuwa anatoka. Tangu mumewe Tajudini azikwe, Fadhila alikuwa ndani ya eda, na eda ilikuwa haijaisha. Hapaki wanja, hapaki hina, hajitii manukato, na mtaa mzima wa Bwiza na kelele zake za muziki na pikipiki anausikia kwa juu ya ukuta tu. Kwa mwanamke mwingine hilo ni zito lakini la kawaida. Kwa Fadhila lilikuwa zito mara mbili, maana kazi yake ndiyo hiyo hiyo aliyokatazwa: yeye ni mpambaji wa maharusi.

Chanelle akachuchumaa mbele yake, akampa simu.

Macho yaliyomtazama kutoka kwenye kioo cha simu yalikuwa yake mwenyewe. Yamepakwa wanja, yanacheka juu ya ushungi wa kijani. Chini ya macho, mikono miwili ikigeuka polepole, hina mbichi imepanda mpaka kwenye viwiko, kucha nyekundu kama zimetoka kuoshwa sasa hivi. Juu yake maandishi: *Msimu wa harusi umefika! Karibuni kwa Fadhila Mapambo.* Imewekwa jana.

Ungo ukamponyoka. Mchele ukamwagika kwenye mkeka.

"Nani kaweka hii?"

"Ni sisi, mama." Chanelle alikuwa karibu kulia. "Unakumbuka tulipiga video nyingi siku moja? Papa Anouar akasema tuziprograme, zitoke zenyewe wakati wa harusi. Kisha yeye akafariki. Nani angekumbuka? Mi nilisahau kabisa, Mana yanje, Mungu wangu, nilisahau!"

Fadhila akakumbuka. Ukurasa ule ulikuwa wa watu watatu. Chanelle, anayefanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi na intaneti, ndiye aliyeufungua na kutoa namba yake iwe ya kupokea oda. Tajudini, fundi wa magari, ndiye aliyepiga picha zote na kushika neno la siri, na simu ilikuwa yake. Na Fadhila ndiye aliyekuwa sura ya ukurasa, kwa sababu moja tu: hajawahi kuweka bibi harusi wa mtu pale. Uso wa binti siku hiyo ni wa mama yake na wa mumewe, basi. Mama wa Bwiza na wa mtaa wa Gihosha walimpenda kwa hilo. Sasa kazi angeionyesha vipi? Tajudini alicheka, akasema, "Fundi wa rangi akikosa gari ya kuonyesha, anapaka ya kwake." Wakakubaliana macho na mikono, mengine yote ndani ya ushungi.

"Nisomee walichoandika."

"Acha, mama."

"Soma."

Chanelle akasoma kwa haraka, kama anayemeza dawa. *Mashallah, eda imeisha tayari?* Mwingine: *Udongo wa marehemu haujakauka, huyu anacheka.* Mwingine: *Huyu njo wa kumugusa mutoto wangu siku ya ndoa? Apana.* Yalikuwa mengi. Fadhila alisikiliza huku anaokota mchele punje kwa punje, maana mikono ilihitaji kazi.

"Mama Raïssa ameona?"

Chanelle akabonyeza, ikatoka sauti ya Khadidja, huyo Mama Raïssa, ile sauti ya taratibu ya mwanamke wa Gihosha ambaye mama wengine wote humuuliza kabla ya kuchukua mpambaji.

"Mama Anouar. Nimeona. Sisemi mengi. Sisi tulikuwa tunakuheshimu."

Tulikuwa. Neno hilo likamkaa Fadhila kifuani kama tonge la ugali lisiloshuka. Harusi ya Raïssa, binti ya Khadidja, iliwekwa baada ya eda kuisha. Ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza akiwa mjane, na jikoni mwake sasa hakuna mikono mingine inayoleta chakula. Khadidja akimwacha, wengine watamwacha bila hata kuuliza sababu.

"Ziko zingine hazijatoka?"

"Mbili. Moja kesho, baada ya swala ya Ijumaa."

"Zifute."

"Sina neno la siri, mama. Liko ndani ya simu ya marehemu. Na simu iko kwa..."

Wote wawili walijua simu iko kwa nani. Siku ya maziko, Shakuru, kaka mkubwa wa Tajudini, aliichukua ili awajulishe wateja wa gereji. Na Shakuru tangu mwanzo alikuwa akisema kwamba mwanamke wa heshima haonyeshi watu macho yake kwenye Facebook.

"Mwite," Fadhila akasema.

Alikuja baada ya adhuhuri. Fadhila aliketi chumbani, pazia la rido limeshushwa mlangoni, Chanelle akiwa naye ndani. Shakuru alibaki sebuleni upande wa pili. Kivuli chake kilisimama kwenye kitambaa, kipana kama kabati.

"Asalamu aleikum."

"Waleikum salamu, shemeji. Karibu kiti."

"Kiti mi sitaki," akasema, kisha kiti kikalia chini yake. "Hii simu inalia tangu jana. Mi nikafikiri ni watu wa magari. Kumbe ni watu wanamutukana bibi ya ndugu yangu, na mi njo natembea na matusi yao kwa mufuko!"

"Shemeji, hiyo simu iko na nani?"

"Iko na mimi."

"Na mi niko na simu gani?"

"Ile ya tochi."

"Sasa jana nani ameweka video? Ni mimi, ama ni wewe?"

Chanelle akauma ncha ya kitenge chake asicheke.

"Usinifanye mutoto, Fadhila. Hizi mambo zinaingiaga hata kutoka Ulaya."

"Papa Shakuru," Chanelle akaingilia, "ni kama saa ya kuamsha. Unaitega leo, inalia kesho. Hata kama mwenye saa amek... hata kama hayupo."

Kiti kikalia tena. Fadhila alisubiri. Alimjua shemeji yake: hasira yake hupita kama lori, kwa kishindo, lakini ukisimama pembeni inapita. Kilichomtisha si hasira. Kilichomtisha ni kwamba angeweza kunyanyuka na kuondoka na simu, na kesho baada ya swala, wanaume wakiwa bado wanavaa viatu mlangoni pa msikiti, yale macho yenye wanja yacheke tena.

"Mi nilimwambia Tajudini," Shakuru akasema hatimaye. "Nilimwambia."

"Ulimwambia, shemeji. Na yeye alikubali, na mimi nikakubali. Leo nakuomba nifute, si niweke."

Mkono mkubwa wenye alama za grisi zisizotoka ukapita chini ya rido, umeshika simu, vidole vimegeukia mbali ili visiguse kitu.

Chanelle alifungua ukurasa. Video mbili zilikuwa pale, zimekaa kimya na tarehe zao. Ile ya wiki ijayo akaifuta mara moja. Ya kesho akaigusa ili aifungue, kidole kikateleza, ikaanza kucheza.

"Geuza mukono, mama Anouar. Polepole. Eeh, hapo hapo." Ilikuwa sauti ya Tajudini, karibu kabisa, kama amekaa kati yao. "Bibi yangu ataniharibia simu kwa uzuri. Anouar, we! Toka kwa taa!" Kisha kicheko chake kile cha puani, ambacho Fadhila alikuwa ameanza kusahau kilivyoanza.

Upande wa pili wa rido kivuli kikainama karibu.

"Rudisha," Shakuru akasema.

Chanelle akarudisha. Mara ya tatu hakuambiwa, alirudisha mwenyewe.

"Hiyo usifute."

"Papa Shakuru, hiyo njo ya kesho. Nikiiacha, inatoka."

"Nimesema usifute!" Lakini sauti ilikuwa imepasuka katikati, na hakuna aliyeiogopa.

Fadhila alitazama kioo. Kwenye video ile hakuwa anaangalia kamera. Macho yalikuwa juu kidogo, kwa aliyeshika simu. Mtu yeyote mwenye mume angelijua lile tazamo, na hapo ndipo alipoelewa: matusi ya wale watu yalikuwa ya wanja tu. Hili lilikuwa la chumbani mwake.

"Chanelle, unaweza kutoa sauti peke yake?"

"Naweza."

"Itoe, umupe shemeji. Picha uifute."

"Kabisa? Naweza kuificha tu, mama. Nikuwekee mahali."

Alitamani kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini simu iliyotoa video moja bila kuambiwa, nani wa kuidhamini kwamba haitatoa nyingine?

"Kabisa. Ngoja kwanza niione bila sauti."

Akaiona. Kisha akasema bismillahi, akabonyeza yeye mwenyewe pale Chanelle alipomwonyesha.

Ilibaki ile ya jana, na Chanelle akaiondoa pia. Lakini kuondoa si kujibu. Waliokuwa wameona wameona.

"Tuandike kwamba watu wameiba page," Chanelle akasema. "Kila mutu njo anasemaga hivyo."

"Nimekaa eda yote hii sijapaka hata mafuta ya harufu, leo niivunje kwa uongo?"

"Sasa tutasema nini?"

Fadhila alikuwa ameuvuta ungo aliokuja nao chumbani, amerudi kwenye mchele. Bila kufikiri, mkono wake ulikuwa unatenga mawe, na macho yake yakabaki pale, kwenye vidole. Hina ya ngozi ilikwisha zamani. Ya kucha haitoki kwa maji. Hutoka kwa kusukumwa tu, kucha inavyokua. Alikuwa akiitazama inavyopanda tangu siku ya msiba, kwa siri kidogo, kwa sababu aliipaka kwa ajili ya Tajudini. Sasa kucha zilikuwa nyeupe kuanzia shinani, na wekundu umebaki ukingoni tu, mwembamba.

"Piga hii," akasema, akanyoosha mkono juu ya ungo.

"Mukono?"

"Kucha. Mwanamke yeyote wa hapa atasoma."

Chanelle akapiga. Fadhila akamtamkia maneno, naye akaandika: *Video ya jana ni ya kabla ya msiba. Ilitoka bila mimi kujua, na ni kosa letu kuisahau. Niko katika eda. Kucha zangu leo ni hizi. Asiyeamini aje aone, niko nyumbani.*

"Watu watasema hata hii ni picha ya zamani," Chanelle akanong'ona.

"Njo maana nimesema waje."

Shakuru akakohoa. "Ongeza jina langu."

"Vipi, shemeji?"

"Andika: Shakuru wa gereji ni shahidi. Watu wananijua." Akasimama, kivuli kikapanda mpaka juu ya mlango. "Na simu ibaki hapa. Mi nichukue ile sauti tu."

Saa zilizofuata zilikuwa ndefu. Simu ililia, Chanelle akawa anasoma: mmoja ameomba msamaha, wawili wametukana upya, mmoja anauliza bei kama hakuna kilichotokea. Kutoka Gihosha, hakuna neno. Fadhila aliswali alasiri, akakaa kwenye mswala kuliko kawaida, akasikia kila gari lililopunguza mwendo njiani.

Moja likasimama. Chanelle akachungulia.

"Ni yeye. Mama Raïssa. Peke yake."

Khadidja aliingia sebuleni na mkoba wake mweusi mkononi, akatoa salamu, akatoa pole kama mtu anayeitoa kwa mara ya kwanza. Fadhila alimtazama anavyokaa. Miaka yote hii ya kuingia nyumba za watu alikuwa amejifunza jambo hilo: mama aliyekuja kukukataa hukaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

Khadidja alikaa ukingoni. Mkoba ukakaa mapajani.

Kisha akanyoosha mkono kumsalimia, na alipoushika wa Fadhila hakuuachia. Akauvuta kidogo upande wa dirisha. Kidole gumba chake kikapita juu ya kucha ya kwanza, kikarudi shinani kwenye weupe, kikapanda tena mpaka kwenye ule uzi mwekundu. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Fadhila alitaka kueleza, kuapa, kumwita Chanelle aeleze ile habari ya saa ya kuamsha. Lakini alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa mkononi mwa yule mwanamke.

"Zimebaki kidogo," Khadidja akasema.

"Kidogo, mama Raïssa."

"Zitakuwa zimeisha kabla ya harusi."

"Inshallah."

Khadidja akauachia mkono. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti, akauteremsha mkoba chini kwenye mkeka, karibu na ungo, akainama kuutazama mchele.

"Huu muchele wenu uko na mawe hivi kila siku?" akauliza. "Lete hapa, nikusaidie."