Mhojiwa wa Ishirini na Tatu

Hojaji zote ishirini na mbili zilirudi zikimsifu. Askari wa kituo waliambiwa wasiandike majina, na hawakuandika, lakini kila mmoja aliapa kwamba Mkuu wa Kituo ni kiongozi asiye na kasoro. Wawili wakalipigia mstari neno "asiye". Mkuu alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya uongozi katika haki jinai, na tasnifu yake ilihusu uongozi wa kituo chake mwenyewe. Alijitakia, hakuna aliyemtuma.

"Mama, data hizi zimepikwa," akasema mwalimu wake, kijana wa kumzaa. "Niletee ukweli kabla ya Ijumaa, la sivyo unarudia mwaka."

Damu ilimchemka. Yeye aliyewafikisha waghushi kibao mahakamani, leo anaambiwa kapika. Kesho yake asubuhi akamwita ofisini Sajenti wa kaunta, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu, akamkalisha kwenye kiti cha watuhumiwa, maana hakukuwa na kingine.

"Mahojiano haya ni ya hiari," akamsomea fomu ya chuo. "Unaweza kukaa kimya. Utakalosema litaandikwa, na litatumika..."

"Mahakamani," Sajenti akamalizia.

"Kwenye sura ya nne."

"Basi nakaa kimya, afande."

Na akakaa kimya kweli, mikono magotini. Dakika kumi zikapita. Mkuu akajiona darasani mwaka mwingine mzima na watoto wa watu, akaishiwa ujanja. Akazunguka meza, akamwinua mzee, akakaa yeye kwenye kile kiti.

"Nihoji wewe, mzee. Naomba."

Sajenti akavaa miwani, akachukua kalamu. Kazi hiyo kaifanya miaka thelathini.

"Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Chuoni. Kulikuwa na somo la kukasimu madaraka."

"Uliyakasimu kwa nani?"

"Hakuna."

"Yule mama aliyeibiwa cherehani, na mwizi anamjua kwa jina, alisubiri saini yako siku ngapi?"

"Tatu."

"Na cherehani?"

"Ilishauzwa."

"Kwa nini hatutoki na gari bila fomu yenye saini yako?"

"Kwa sababu nitawaka." Akainamisha kichwa. "Na kwa sababu naogopa mtagundua mnaweza bila mimi."

Aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakamuwaka. Sajenti aliandika yote, akamsomea, akamsainisha. Karatasi tatu, ukweli mtupu. Mkuu akanyoosha mkono azichukue.

"Hapana, afande. Mtuhumiwa hakabidhiwi ushahidi." Mzee akavaa kofia. "Nampelekea mwalimu mimi mwenyewe."

Akatoka bila kuomba ruhusa. Mkuu alifungua mdomo amwite, kisha akaufunga kwa nguvu zake zote. Uani alimsikia mzee akimwambia dereva awashe gari, na dereva akaliwasha bila kuuliza fomu imesainiwa na nani.