Eda ya Mke wa Koplo

Miaka mitano Mwanakuu aliishi Mji wa Kale pasi na kujua aitweje: mke au mjane. Mumewe, Koplo Tsofa, alivuka mpaka na kikosi chake katikati ya Shaabani, kambi yao ikashambuliwa alfajiri, na tangu siku hiyo wakubwa wa jeshi walikuwa na jawabu moja tu kila alipokwenda kuwauliza: hayo ni mambo ya usalama wa taifa. Hawakusema amekufa. Hawakusema yu hai. Walimpa kiti na soda, wakamwambia arudi wiki ijayo.

Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Alichora piko nyeusi na hina mikononi mwa wanawake wa mtaa mzima, na mikono yake mwenyewe, baada ya Idd ya kwanza, ikakaa mitupu. Arusini walimwachia nafasi pembeni. Hawakumchukia, hawakujua tu waketi naye vipi. Mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba bila kujipamba, na wenziwe huja kumkalia: wanalala naye, wanampikia, wanamsomea. Mwanakuu hakuwa na maiti wala barua, basi hakuwa na wa kulala naye.

Ndipo akaenda kwa Kadhi. Hakutaka fidia wala mume mwingine. Alitaka jeshi liseme, ili kama amefiwa akae eda yake kama mke wa mtu.

Kesi iliburutwa miezi minane. Mwishowe Kadhi alimwambia wakili wa serikali, kijana wa bara aitwaye Arnold, "Nchi ina haki ya kuficha silaha zake na njia zake. Kifo cha mume wa mtu si silaha. Lete jawabu."

Arnold alirudi na bahasha iliyotiwa lakiri. Alisoma bila kuinua macho. Koplo Tsofa aliuawa siku ile ile ya shambulio. Mwili ulitambuliwa, ukazikwa huko huko. Mahali hapatatajwa.

"Siku ile ile?" aliuliza Kadhi. "Mulijua tangu Shaabani ile?"

"Ndivyo barua isemavyo, Mheshimiwa."

Kadhi alivua miwani, akahesabu kwa vidole. "Mwanangu, Mungu akupe subira. Lakini eda huhesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu habari ilipofika. Yako ilikwisha Mfunguo Tatu wa mwaka ule ule. Huna eda ya kukaa. U huru."

"Idd ya mwaka ule nilitia piko, Sheikh," alisema Mwanakuu. "Aliniambia kwa simu atakuja Idd. Nikajipamba kwa ajili yake."

"Hukujua. Huna dhambi."

"Siulizi dhambi. Nauliza nitamkalia eda lini."

Kadhi alifunga faili. "Machozi hayana mpaka, mwanangu. Eda ina mpaka."

Nje alingojwa na Thoya, ndugu wa Tsofa, aliyebaki Mkristo nduguye aliposilimu, afanyaye kazi bandarini. Macho yalikuwa mekundu. "Shemeji, mimi sijui mambo yenu. Lakini si afadhali? Hutafungiwa ndani miezi minne."

"Nilitaka kufungiwa, Thoya."

"Jumamosi tunaweka matanga kwetu Kaloleni. Njoo tulie pamoja."

Mwanakuu akashika njia ya nyumbani.

Alasiri wanawake wa mtaa walijaa sebuleni. Bi Mishi, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na mto wake kwapani. "Nimehamia," alisema. "Miezi minne hii utanizoea ninavyokoroma. Marehemu mume wangu alinizoea, na yeye alikuwa mwepesi wa kuamka."

"Eda imekwisha, Bi Mishi. Kadhi asema ilikwisha mwaka ule."

"Imekwisha? Nani aliyeikaa?"

Mmoja alianza kutoa hongera, mwenziwe akamfinya. Wakasoma Yasini, wakanywa kahawa, na kabla ya Magharibi wakaanza kutafuta viatu vyao, maana mwanamke asiye katika eda hakaliwi. Bi Mishi alikuwa wa mwisho.

"Nilale?"

"Kwa hukumu gani?"

Akachukua mto wake, akatoka taratibu.

Asubuhi alikuja kubisha shangazi wa bi arusi wa mtaa wa Kibokoni. "Mwanakuu, hodi. Kesho ni siku ya piko, watu wakungoja wewe."

"Tafuteni mwingine," alijibu kutoka ndani. "Niko eda."

"Lakini mtaa mzima wasema Kadhi amesema imekwisha."

"Iliyokwisha ni ya Kadhi."

Shangazi alisimama kidogo, akangoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Makubadhi yake yakasikika yakishuka kichochoro, yakapotea. Mwanakuu akarudi kuketi mkekani peke yake. Ilikuwa siku ya pili ya eda yake.