Ubeti wa Tatu wa Mary

Perpetua alizaliwa na aibu. Hata dukani alinyoosha kidole, hakutaja kitu. Lakini kila Jumamosi mchana ungemkuta mjini Dongobesh, kwenye duka la Hadiya la kutengeneza simu, amebanana kwenye benchi na watu wenye ugonjwa kama wake, ugonjwa wa muziki.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Mtu analeta albamu anayoipenda, inapigwa upande mzima, na hakuna kufungua mdomo mpaka upande uishe. Hapo sasa ndipo ugomvi unaanza. Hadiya alikuwa mtu wa taarabu, na kwake albamu isiyo na wimbo wa kumchoma jirani haijakamilika. Shabani, fundi pikipiki, alileta bongo fleva kwenye simu na kulalamika kwamba nyimbo za zamani ni ndefu kama foleni ya zahanati. Mwalimu Theodory, aliyefundisha kwaya kijijini Maretadu miaka mingi, ngoma za kompyuta aliziita kiporo.

Perpetua peke yake ndiye hajawahi kuleta kitu.

"Pepe, wewe unakula tu nyimbo za wenzio," Shabani alimtania. "Hata kuku akila, anataga."

Si kwamba hakuwa nayo. Alikuwa na kaseti moja, ya kwaya hiyohiyo ya Maretadu. Mama yake, Mary, alifariki yeye hajaota meno, na picha haikubaki hata moja. Bibi alimwambia tu kwamba ubeti wa tatu wa wimbo wa mwisho ulikuwa wa mama yake. Basi akakua na ubeti huo. Sauti nyembamba, yenye kikwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Sasa mkanda ulikuwa umechoka na redio ya bibi imeanza kuutafuna. Mwenye waya wa kuhamishia kaseti kwenye kompyuta alikuwa Hadiya tu. Asipoipeleka, mama angemfia mara ya pili.

Jumamosi moja akaitoa kwenye sweta la shule, akamkabidhi Hadiya kwa mikono miwili.

Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka mlangoni, barabara haionekani. Redio kaseti ikaanza kuimba. Mwalimu Theodory alipotambua kwaya yake alivua kofia, akaiweka gotini. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, mpaka wa mwisho. Ubeti wa tatu ulipofika, mama akaimba, na Perpetua akainama ili wasimwone macho.

Upande ukaisha. Hadiya alisema sauti ya pili ni tamu, ila pale mwishoni gita limeachwa peke yake muda mrefu mno. Shabani akakubali kwamba pamepwaya.

Perpetua akadhani wanamtania. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Pale anaimba mama," akasema. Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwenye benchi lile.

Mwalimu Theodory hakuwahi kuulizwa habari za siku ya kurekodi, maana Perpetua ni lini aliwahi kumuuliza mtu kitu. Akaeleza polepole. Walirekodi wiki moja baada ya kumzika Mary. Na kwaya yao ilikuwa na desturi: mwimbaji akifa, safu haifungwi. Mahali pake panaachwa wazi na kipande chake hakiimbwi, mpaka mtu wa nyumbani kwake aje asimame pale. Hakuja mtu. Gita likapiga peke yake.

"Mimi namsikia, mwalimu. Toka nikiwa mdogo."

"Basi imba unachosikia."

Ukungu ulikuwa umeingia ndani, miguu ya benchi haionekani vizuri. Perpetua akafumba macho, akaimba ubeti wote. Alipofumbua, kofia ya mwalimu ilikuwa chini.

"Maneno hayo aliyatunga akiwa kitandani," Theodory akasema. "Nilisomewa mimi tu. Sikumfundisha mtu."

Hadiya alirudisha mkanda, akachomeka waya, akahamishia wimbo kwenye kompyuta. Kisha akaupiga ili kuhakikisha. Ubeti wa tatu ulipofika, Shabani akasimama. Akaukagua ule waya mwanzo mpaka mwisho, akitafuta maiki. Haukuwa nayo.

"Huyo ni Mary," Theodory akasema. "Na kikwaruzo chake."

Perpetua aliegemeza sikio kwenye spika. Gita. Gita tupu, na nyuma yake kwaya nzima ikivuta pumzi.

"Simsikii," akasema.

Hadiya akaurudia mara nyingine, akaongeza sauti. Wote watatu walikuwa wanasikiliza kitu, ila si yeye.

"Sasa umesimama mahali pake. Aliyesimama kwenye safu anasikia wenzake," Theodory akamwambia. "Hajisikii."

Hakuomba wauzime. Aliacha spika, akageuka, akaanza kuwatazama nyuso zao. Aliona Hadiya anavyofunga midomo, akajua mama amefika pale pa juu. Aliona Shabani anashusha mabega, akajua ni kile kikwaruzo. Mwalimu akatikisa kichwa mara moja, ubeti ukawa umeisha.

Halafu Theodory akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Perpetua.