Cherehani Iliyopakwa Rangi

Shemeji yangu Osewe ana mikono mizuri na kichwa kibovu. Nalisema hilo mapema, usije ukamhurumia kabla yangu.

Lazarus, mume wangu, alikuwa amelala mochari, na sisi Wajaluo hatumziki mtu Nairobi kama aliyeokotwa. Anapelekwa kwao, Siaya, akazikwe kwenye boma lake watu wakimwona. Lakini gari halikodiwi kwa machozi, na mchango wa matanga pale kwetu Kibera, Soweto West, ulikuwa unaishia kwenye chai na mkate wa waombolezaji. Kitu pekee cha maana nyumbani kilikuwa cherehani yangu.

Ilikuwa ya mkono, nyeusi, niliyoachiwa na mama. Yeye alipewa na bibi mmoja Mnubi wa Makina aliyemfundisha kushona. Ubavuni ilikuwa na simba wenye mabawa na nyuso za wanawake, wamechorwa kwa dhahabu iliyoanza kufifia. Kuiuza kuliniuma kama kung'olewa jino zima, lakini ningefanya nini?

Jirani yangu Nabalayo akanipeleka Kawangware kwa Shivachi, fundi wa cherehani. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, intaneti ndiyo kwanza inaingia mjini. Mpwa wake Shivachi alikuwa na kompyuta, na kwa kompyuta hiyo walikuwa wakiwauzia wazungu cherehani kuukuu. Sikuamini. Mzungu aache mazuri ya kwao atafute mashine ya Kibera? Lakini Shivachi alikuja mwenyewe na kamera, akaipiga picha kila upande, na haukupita muda akatuma habari: mama mmoja wa Uholanzi ameitaka. Niipeleke Ijumaa, nipewe pesa mkononi.

Hakuniambia isiguswe. Kwake hilo lilikuwa wazi, na kwetu kilicho wazi ni kinyume chake. Kibera huuzi kitu na uzee wake. Kitanda kinapigwa vanishi, jiko linapakwa rangi, baiskeli ya marehemu inang'arishwa hadi mwenyewe angeipita njiani asiijue. Kazi ya Osewe ndiyo hiyo, kule Kambi Muru. Alhamisi, nikiwa nimepeleka nguo za Lazarus mochari, alikuja akaichukua cherehani kwa binti yangu Audrey. Jioni akairudisha imefunikwa shuka, akaifunua taratibu kama anayefunua bibi harusi.

Nyeusi tii. Hakuna simba, hakuna dhahabu. Aliikwangua kwa msasa kwanza, akasema, ili rangi ishike.

"Kizuri chajiuza, shem," akaniambia. "Huyo mzungu ataongeza bei. Bro hawezi enda home na pesa ya mashine chafu."

Nami niliiona nzuri, nikamshukuru kwa moyo wote. Akatoka mbio kupiga simu kwenye duka la kijijini kwao: gari linakuja, wachimbe kaburi, Jumamosi tunazika.

Ijumaa nikampelekea Shivachi, akaifungua. Alipitisha kidole ubavuni, akatafuta, kisha akakaa chini.

"Mama Audrey, iko wapi ile mashine?"

"Si ndiyo hii?"

"Hii ni nini sasa? Huyo mama alikuwa analipia zile simba. Yeye hata hashoni! Anaweka tu kwa nyumba akiangalia."

"Lakini imekuwa mpya."

"Mpya si ziko huko kwao?"

Nikamsihi anipe chochote. Alitaja bei ya cherehani yoyote ya mkono, na kwa bei hiyo maiti isingefika hata Nakuru. Nikaibeba, nikarudi nayo.

Osewe alinikuta mlangoni. "Waliipenda?"

"Umemzika ndugu yako kwa brashi," nikamwambia, waombolezaji wote wakisikia. Nikaongeza mengine ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Akaenda kupiga simu kuzuia kaburi, akapiga na kupiga. Lile duka lilikuwa limefungwa.

Kaburi likachimbwa. Kwetu kaburi lililo tayari haliachwi wazi, maana litajitafutia mtu. Wazee walishinda Jumamosi wakitazama barabara. Jua lilipoanza kushuka wakafanya kile anachofanyiwa mtu aliyezama ziwani asipatikane: wakachuma yago, tunda refu la porini, zito kama mtoto mchanga, wakalizika kwa jina la Lazarus. Wakalia, wakanyoa nywele, wakatawanyika.

Jumatatu kanisa la kina Nabalayo likajitolea gari, mafuta ndani. Nilipiga magoti nikashukuru. Osewe akapiga simu tena, safari hii nikiwa kando yake, na baba mkwe akaitwa dukani.

"Lazarus tumeshamzika," mzee alisema. "Mkileta mwili sasa, mnatuitia kifo kingine. Mzikeni hukohuko."

Nilimnyang'anya Osewe simu, nikalia, nikaomba, nikatukana. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pole, na simu ikakatwa.

Tulimzika kwenye makaburi ya Lang'ata, kwenye matope, watu wachache. Osewe alilia hadi akashikwa na wanaume wawili. Mimi sikumgusa. Siku nyingine nadhani nimemsamehe, kisha namsikia akipiga mluzi huku anapaka kitanda cha mtu, na nyongo inanipanda.

Desemba tukaenda nyumbani Siaya. Mama mkwe alituongoza hadi kwenye kaburi. Lilikuwa limefagiwa vizuri, na watu wa boma walikuwa wamesimama pale kutupokea. Akamshika Audrey bega.

"Msalimie baba yako."

Audrey alikuwa nami Lang'ata. Alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Akaniangalia, na watu wote wakawa wanamngoja.

"Msalimie," nikamwambia.

Mtoto akainama, akalisalimia tunda.