Taulo la Ghorofa ya Tatu

Kila Ijumaa saa kumi alasiri, hoteli ile ya kifahari iliwaonyesha wageni filamu ya zamani ya upelelezi iliyopigwa humo humo. Mwishoni, mpelelezi mwenye sharubu huwakusanya washukiwa ukumbini na kumtaja mwizi wa mkufu.

Ijumaa hiyo, filamu ikiendelea, mtandika vitanda wa ghorofa ya tatu alisimamishwa kwenye ukuta wa ukumbi. Pete ya mgeni ilikuwa imekutwa kwenye toroli lake, ndani ya taulo. Barua ya kumfukuza kwa wizi ikishatoka, hakuna hoteli nyingine itakayomchukua.

"Uso mkavu," meneja alisema. "Mwizi hana haya."

"Sikuiba, bosi. Mungu anaona."

"Mungu hana zamu hapa."

Filamu ilipofika mwisho, mpelelezi alishuka kutoka kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, wa kijivu tangu kofia hadi viatu. Aliomba kiti, akaletewa. Kisha akaomba taulo.

"Binti, likunje."

Alilikunja kama siku zote, ncha ikielekea kushoto, maana yeye hutumia mkono wa kushoto. Mpelelezi akainua lile la pete. Ncha ilielekea kulia, na pindo lilikuwa nje.

"Hivi hukunja mtu asiyewahi kufua hata leso yake," alisema, akamgeukia meneja. "Pete uliitia humu mwenyewe, baada ya binti huyu kukataa kuja chumbani kwako."

"Ni kweli," meneja alisema, akitazama saa. "Umemaliza?"

Mwenye pete aliivaa kidoleni. "Wiki iliyopita haikuisha hivi," alimnong'oneza mumewe. "Hii ni nzuri zaidi."

Wageni wakapiga makofi. Mpelelezi akainamisha kichwa, akarudi kitambaani. Taa zikawashwa.

"Sare uiache kwa dobi," meneja alimwambia mtandika vitanda.

"Lakini bosi, si umekiri?"

"Nimekiri, ndiyo. Na barua imeshapigwa muhuri."

Dobi alikuwa dada wa binti huyo, wa tumbo moja. Aliipokea sare, akaitia majini pamoja na mashati ya meneja.

"Mungu si Athumani, mdogo wangu."

"Najua, dada."

Jumatatu, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia: kuanzia leo, taulo zote zikunjwe kuelekea kulia, pindo liwe nje. Dobi alilisoma mara mbili, akavuta kapu, akaanza kukunja.