Zainura Hakupaswa Kupanda Lile Basi

Zainura alikuwa anatabasamu kwenye dirisha la basi, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuirushia TV. Kilichonizuia ni kwamba TV yenyewe ilikuwa yangu. Muziki ukapanda, basi likatimua vumbi, na yule mwanamke akafuta chozi moja tu, tena kwa ncha ya mtandio ili asiharibu wanja. Kisha neno MWISHO likajitokeza, kubwa, jeupe, kana kwamba wamefanya jambo la maana.

"Ndiyo imeisha?" niliuliza.

"Imeisha," alijibu Révérien, kaka yake marehemu mume wangu. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi kama mtu aliyeshiba. "Umeona, shemeji? Huyo ndiye mwanamke mwenye akili. Kamaliza bila ugomvi, kaenda zake kwao."

Kwa ambao hawakuifuata tamthilia ya *Kiambaza*, nitaeleza kwa ufupi, maana hasira bado ninayo. Zainura alifiwa na mume, na shemeji yake akaitaka nyumba pamoja na shamba. Misimu yote ile mwanamke alipigana. Walimfungia nje, akalala kwenye banda la mbuzi. Walimsingizia uchawi. Aliuza hereni zake ili apate nauli ya kwenda mahakamani. Katumba nzima, makazi yetu yote, tulilala naye kwenye lile banda, na kuna mama mmoja wa kwaya alimtaja kwenye maombi, kanisani, kwa jina lake, na watu wakaitikia amina. Basi hakimu akampa nyumba. Tukashangilia mpaka kuku wakakimbia. Halafu sehemu ya mwisho, sijui mwandishi aliumwa na nini, Zainura anaita ukoo wote, anasema ardhi ni udongo tu, mali ni moyo, anamkabidhi shemeji ufunguo, anamkumbatia na kupanda basi.

Tulianza kuiangalia mimi na Onesphore, mwaka ambao tumbaku yetu ilipata daraja zuri naye akaja na TV imefungwa kwenye baiskeli. Mume wangu hakuwa na subira ya kukaa mbele yake. Alikuwa anaingia ananuka moshi wa bani, kule tulikokaushia tumbaku, anasimama mlangoni na kuuliza, "Wameshamtoa?"

"Bado."

"Hawamtoi," alikuwa anasema, kisha anarudi kuchochea moto.

Masika yaliyofuata homa ikamchukua. Hata kaburi halijakauka, Révérien akaja kuichukua TV na sola yake, ati anitunzie mpaka matanga yaishe. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake kuangalia marudio kwenye TV yangu mwenyewe, nimekaa kwenye benchi karibu na mlango, na nikiondoka nasema asante. Asante! Nikikumbuka hilo neno mpaka leo masikio yananiwaka.

Na si TV peke yake. Sisi wa asili ya Burundi tuna siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga, ambapo watu hualikwa, wanakula, wanakunywa, halafu msemaji wa familia anatangaza mbele ya wote nani atabaki kwenye nyumba ya marehemu. Neno likishasemwa pale, kulirudisha ni kazi. Yetu ilipangwa Jumamosi iliyofuata ule MWISHO. Révérien alikuwa ameshaniandaa kwa sauti ya upole: sikujaliwa mtoto, kaka zangu wako Mishamo, niende nikapumzike, nisiwatie aibu mbele ya wageni. Kupumzika na nini? Lile shamba tulilikata porini mimi na mume wangu, na bani lile nililikandika kwa mikono hii.

Hiyo Jumapili ya MWISHO, mama mkwe wangu Donatille alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, macho bado kwenye TV. Wakati ule lilikuwa linapita tangazo la sabuni.

"Mbega, hivi huyu binti anaenda wapi?" aliuliza, akichanganya na Kirundi chake kama kawaida.

"Kwao, mama," Révérien alimjibu.

"Kwao wapi? Hawakuonyesha."

"Kwao tu, mama. Alikotoka."

Mama Donatille alikimbia mauaji kwao Burundi akiwa bibi harusi mpya, mwaka ule wa sabini na mbili, na waliposhushwa hapa palikuwa pori la miombo na nyuki. Si mtu wa kuyasimulia. Siku hiyo alivuta kanga yake mabegani akasema, "Mtu anayeondoka hacheki dirishani. Aliyeandika hii hajawahi kuondoka mahali." Basi akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi watu walijaa. Maturubai yalifungwa, pombe ya ndizi ikaletwa kwa madumu, wanawake wakawa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya wali. Mimi nilikaa mbele pembeni ya mama mkwe. Majirani walikuja mmoja mmoja kunipa mkono na kusema pole, kisha wakaendelea na mazungumzo yao, nayo yalikuwa nini? Zainura! Nilikasirika, nasema kweli. Walikuwa wamemlilia wiki nzima mwanamke wa kwenye kioo, na kuna mmoja aliapa hataiangalia tena ile stesheni. Mimi niliyekuwa hapa, mwenye nyama na mifupa, hakuna aliyeniuliza nitalala wapi. Mambo ya ukoo wa mtu hayaingiliwi, ndivyo walivyolelewa.

Mzee Maximilian, rafiki wa baba yao tangu zamani, ndiye alikuwa msemaji. Akasimama na fimbo yake, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, kisha akauliza familia imekaaje kuhusu mji wa Onesphore. Révérien akainuka na koti lake la harusi.

"Ndugu zangu," alisema, "wote hapa tumeiangalia *Kiambaza*."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mmeona yule mama alivyotufundisha. Aliona bora amani kuliko udongo. Na shemeji yetu Emelyne, kama Zainura..."

"Usimtaje huyo!"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Vestina, mke wa Révérien mwenyewe, alitokeza na mwiko mkononi, wali bado umeushika. "Alilala na mbuzi! Halafu anatoa ufunguo? Ule sio mwisho, ule ni upuuzi!"

"Na hakimu alishampa!" akadakia mzee mmoja kwenye madumu.

"Kwani yule shemeji alilima lini?"

"Wametudanganya!"

Turubai zima likawaka. Waliokuwa wamenipa mkono na kupita, sasa walikuwa wamesimama wananyoosheana vidole kuhusu shamba la Zainura, nyumba ya Zainura, jasho la Zainura. Hakuna aliyenitazama, na hakuna aliyeingilia ukoo wa mtu. Révérien alikuwa anamwangalia mkewe kama hajawahi kumwona.

Mzee Maximilian aliwaacha wakapiga kelele mpaka wakachoka, ndipo akainua fimbo.

"Sasa nyie, mngekuwa nyie mmeandika, Zainura angekuwa wapi leo?"

"Nyumbani kwake!"

"Nimewasikia." Akatugeukia sisi wa mbele, taratibu. "Na Emelyne?"

Nilisikia kuni zinavyolia huko nyuma. Mama Donatille akaushika mkono wangu, akaelekeza kidevu upande wa bani.

"Yuko nyumbani kwake," alisema.

Neno likawa limesemwa, mbele ya watu wote. Wakapakua wali.

Jumatatu asubuhi Vestina alinikuta napalilia, amejitwika ile TV kichwani imefungwa kwa kitenge. Hatukuongea mengi. Alinisaidia kuunganisha nyaya, akanywa uji, akaenda zake.

Watu husema niishukuru *Kiambaza*. Siishukuru hata kidogo. Yule mwandishi angenitoa kwangu kwa muziki mzuri na wanja usiochuruzika, na sijamsamehe. Ile sehemu ya mwisho bado wanairudia mara kwa mara. Naiangalia mpaka pale Zainura anaposimama mlangoni, ufunguo ungali mkononi mwake, kisha nazima, natoka kwenda kuchochea moto.